Jina Lisilokaa Tupu

Katika Daraja Mbili, Arusha, asubuhi moja ya Juni ambapo ukungu wa Meru ulikuwa haujainuka juu ya mabati, nilimtazama fundi kijana wa kompyuta akifanya kazi ambayo, aghalabu, haipati hata shukrani, nami tangu hapo naihesabu miongoni mwa sanaa za watu wenye adabu.

Duka la jumla lilikuwa limejaa wateja wakingoja risiti, na seva iliyozitoa ilikuwa ikitegemea lile lile faili la mipangilio alilotakiwa kulibadili. Basi hakuligusa. Alitoa nakala mbili, moja akaitia tarehe na kuihifadhi, ya pili akaiweka ubavuni mwa asili, akaandika humo, akaifuata kwa kidole mstari baada ya mstari, akaiamuru programu iikague bila ya kuitumia, akairudishia umiliki na ruhusa za asili, akahakikisha kuwa imeteremka diskini kweli. Ndipo, kwa amri moja fupi, akaivika jina la asili.

Siri iko katika amri hiyo, maana mifumo ya ukoo wa Unix, ulioasisiwa Marekani mwaka 1969, hailiachi jina hilo likakaa tupu hata kwa kupepesa jicho: afunguaye faili hulipata la zamani zima ama jipya zima, na programu iliyokwisha kulifungua la zamani huendelea kulisoma mpaka ilifunge. Sharti nakala na asili ziwe katika fungu moja la diski. Kinyume cha hayo amri hiyo hugeuka kuwa kunakili upya, na umeme ukikatika katikati (sisi wa Arusha hatuhitaji kufundishwa hilo) hubakia kipande.

Mimi, katika ofisi nisiyoitaja, niliwahi kuliandikia moja kwa moja faili la sudo, ligawalo mamlaka ya msimamizi, nikakosea alama moja tu, na mashine ikamnyima kila mtu mamlaka hayo, mimi nikiwa wa kwanza. Ilhali amri ya visudo, ikaguayo sarufi kabla ya kukubali, ilikuwapo humo humo, nami kwa kiburi sikuiita.

Kijana akaiashiria seva isome upya mipangilio yake. Mama wa mbele akapokea risiti, akaifunga katika pindo la khanga.

“Tayari, dada,” fundi akamwambia karani.

“Tayari nini?” karani akauliza, asiinue macho.