Hawala, Dirisha na Mtazamaji: Sembène Ousmane baina ya Kitabu na Filamu

Wako miongoni mwa waandishi wetu wanaoitazama filamu kwa jicho la pembeni. Husema kwamba kitabu humwachia msomaji nafasi ya kufikiri, ilhali filamu humfanyia kila kitu: sura amechorewa, sauti amesemewa, hata wakati wa kutoa machozi amepangiwa. Hoja hii ina uzito wake, nasi hatuna nia ya kuibeza. Lakini yashangaza kuisikia kwa watu waliolelewa na utenzi. Utenzi wa Kiswahili uliandikwa kwa kalamu na wino, katika hati ya Kiarabu, na hata hivyo wengi walioujua waliupata kwa sikio. Mmoja alisoma kwa mahadhi na waliohudhuria wakasikiliza, wala asiyejua herufi hakutengwa. Kwa hiyo sisi twaona afadhali kwanza kuuliza swali jingine: mtunzi amemkusudia nani, na amemweka upande gani wa mambo anayoyasimulia?

Mtunzi aliyelikabili swali hili kwa vitendo ni Sembène Ousmane wa Senegal, aliyezaliwa mwaka 1923 na kufariki mwaka 2007. Alikuwa kuli katika bandari ya Marseille, na riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1956, ilihusu makuli. Mwaka 1960 alitoa riwaya kubwa juu ya mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar na Niger wa 1947 na 1948. Vitabu vyote hivyo aliviandika kwa Kifaransa. Aliporejea Afrika alitambua kwamba wavuja jasho aliowaandika hawakuweza kumsoma. Akiwa mtu mzima mwenye jina tayari, akaenda Moscow kujifunza kazi ya filamu, na mwaka 1963 akatoa filamu fupi ya mwendesha gari la farasi mjini Dakar. Hakuacha kuandika vitabu. Alikuwa akiutumia mkono huu na huu.

Filamu yake ndefu ya kwanza, La Noire de..., ilitoka mwaka 1966, nayo ilitokana na hadithi fupi aliyokwisha kuichapisha. Ni habari ya Diouana, mtumishi wa nyumbani anayechukuliwa na mabwana zake hadi Ufaransa na mwisho kujiua. Filamu hiyo ina kasoro moja inayotufundisha mengi: mawazo ya Diouana twayasikia kwa Kifaransa fasaha, na sauti si yake. Msichana amepewa picha, ulimi akanyimwa.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1968, ikatoka Mandabi. Jina hilo ndivyo Wawolof wanavyoitamka hawala ya posta, ile ambayo mjini kwetu huitwa moneyoda. Kitabu chake kilikuwa kimetoka mwaka 1966 kwa Kifaransa. Filamu ilitengenezwa kwa namna mbili, moja kwa Kifaransa na moja kwa Kiwolof, na hii ya Kiwolof ndiyo tunayoitaja hapa. Mzee Ibrahima Dieng, mwenye wake wawili na asiye na kazi, anapelekewa faranga 25,000 na mpwa wake Abdou, mfagia barabara wa Paris. Elfu ishirini awekewe mwenyewe, elfu tatu apewe mama yake, elfu mbili ni za mjomba. Habari inaenea mtaani kabla fedha hazijaonekana. Wake wanakopa mchele dukani, na wenye shida wanamiminika mlangoni.

Dieng akifika posta anaulizwa kitambulisho. Hana. Kwenda kukitafuta, anatakiwa cheti cha kuzaliwa, picha tatu na stempu. Kwenda kutafuta cheti, anaulizwa tarehe aliyozaliwa, naye aijua kwa makadirio tu. Ana stakabadhi ya kodi na kadi ya kupigia kura, lakini hizo hazitoshi. Serikali iliyompokea bila ya shaka alipolipa kodi na kupiga kura, sasa haina hakika kwamba yeye ni yeye.

Sisi tuliokula mkate wa serikali miaka mingi twalijua dirisha hilo. Karani wa Sembène si katili. Amechoka, ana foleni ndefu mbele yake, na anachokidai kimo katika kanuni. Ndipo tunapoiona tofauti ya kweli baina ya kitabu na filamu. Anayekisoma kitabu hicho, kwa kule kusoma tu, amekwisha kukaa upande wa karani. Anajua herufi, angeweza kuijaza fomu ile kwa dakika mbili, na huruma yake kwa Dieng ni huruma ya anayetazama kutoka ndani. Anayeitazama filamu kwa Kiwolof, hasa kama hajui kusoma, yumo katika foleni. Karatasi zinazopita mkononi mwa Dieng ni fumbo kwake kama zilivyo fumbo kwa Dieng. Habari ni ile ile, ila mtazamaji amehamishwa upande wa dirisha.

Tazama na barua ya Abdou. Kitabuni barua ni maneno, nasi twayasoma kama tusomavyo barua yoyote. Katika filamu, Dieng anasomewa na mwandishi wa barua za watu, ambaye anadai ujira wake papo hapo, na sauti ikiendelea twamwona kijana mwenyewe na ufagio wake katika barabara za Paris. Fedha inaanza kuwa na jasho. Kitabu kingehitaji kurasa kadhaa kulifanya jambo hilo, na sidhani kama lingetugusa vilevile. Kwa upande mwingine, mahesabu ya ndani ya Dieng, ile haya ya mtu mzima anayeomba nauli, kitabu kinayaeleza kwa undani ambao kamera haiufikii. Kamera inaona shingo iliyoinama tu.

Mwisho wa filamu hautupendezi sana. Mbaye, jamaa msomi mwenye suti na gari, amekwisha kuichukua hawala kwa hati ya uwakilishi na kudai kwamba ameibiwa. Dieng aapa kwamba naye atakuwa mbwamwitu kama wengine. Hapo mpeleka barua anamwambia kwamba nchi itabadilishwa, tena na yeye Dieng, wake zake na watoto wake. Maneno ni ya haki, lakini yanasemwa kwa mtazamaji aliyekwisha kuyafahamu. Mchele wa mkopo ulikuwa umeyasema vizuri zaidi.

Kwetu jambo hili linakuja kwa sura nyingine. Adam Shafi, ambaye naye aliwaandika makuli wa Unguja katika riwaya ya Kuli, iliyotoka mwaka 1979, hakuhitaji filamu imrudishie lugha; Kiswahili kilikuwa mkononi tangu mwanzo. Riwaya yake ya Vuta N'kuvute, ya 1999, ilitolewa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Ni kisa cha Yasmin, msichana wa Kihindi anayemkimbia mume aliyemzidi umri mno, na Denge, kijana anayeupinga utawala wa Waingereza Unguja. Msimulizi wa Adam Shafi ni mwingi wa maneno, hupenda kusimama njiani na kuzungumza. Filamu imenyamaza mahali pengi ambapo yeye anasimulia, na mwenye kukipenda kitabu atauona upungufu huo. Lakini ilipoonyeshwa mara ya kwanza, huko Toronto nchini Kanada, mwezi wa Septemba mwaka 2021, Yasmin na Denge walisemezana kwa Kiswahili, na aliyelazimika kusoma maandishi chini ya picha alikuwa mgeni.