Ngoma na Mtihani Wake

Mgeni wa heshima afikapo katika shule ya sekondari jijini Mwanza, mara nyingi hupokewa kwa ngoma. Wanafunzi hutokeza nyuma ya madarasa, viunoni wamefunga kanga za namna moja, mikononi wameshika majembe ambayo hayajapata kugusa udongo, na bugobogobo huchezwa kwa muda wa dakika kumi hivi. Mgeni hutabasamu, pengine hutuza noti moja mbili, kisha shughuli huendelea kwenye hotuba. Tumeyashuhudia hayo mara nyingi, na sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwa waliopiga makofi. Lakini wachezaji hao wamalizapo tu hurudi darasani kusoma masomo yasiyohusiana hata kidogo na kile walichokifanya uwanjani. Ngoma yao ilikuwa pambo la mapokezi, nayo hukunjwa pamoja na vitambaa vya meza kuu.

Hatusemi kwamba sanaa haina nafasi katika elimu yetu. Sanaa za ufundi, muziki na sanaa za maonyesho zimekuwamo kwa miaka mingi katika orodha ya masomo ya mtihani wa kidato cha nne, nazo huhesabiwa kuwa masomo ya hiari. Mtaala ulioanza kutumika katika kidato cha kwanza mwezi Januari 2024 umekwenda mbele zaidi: mwanafunzi aweza kufuata mkondo wa jumla au mkondo wa amali, na ndani ya amali sanaa bunifu imewekwa pamoja na kilimo, ufundi na michezo. Hapa hapa Mwanza kipo Chuo cha Ualimu Butimba, ambacho kimejulikana kwa kuwafunda walimu wa sanaa na michezo. Hata hivyo neno hiari lina hila ndani yake. Mwanafunzi huchagua kile ambacho shule yake inacho. Pasipo na mwalimu, wala ngoma iliyowambwa, wala chumba cha kufanyia mazoezi, hiari hiyo imo katika karatasi tu.

Na tuitazame kata ya Mirongo, katikati ya jiji, ambako mto wa jina hilo hupita ukielekea ziwani. Mtoto wa Mirongo huenda akawa Msukuma, Mkerewe, Mjita, Mhaya au Mkurya, na pengine mzazi mmoja ni wa huku na mwingine wa kule. Lugha yake ya nyumbani ni Kiswahili, na muziki aujuao sana ni ule utokao katika vipaza sauti vya maduka. Kwa hiyo wale wasemao kwamba ngoma imo damuni mwa kijana, haina haja ya kufundishwa, wanajidanganya. Bugobogobo ilikua pamoja na kazi ya shamba. Majirani walikusanyika kulima kwa pamoja, ngoma ikawapigia mwendo, na majembe yakapanda na kushuka kwa mlio mmoja. Jembe ndilo linaloeleza kwa nini mgongo huinama, kwa nini mguu hutangulia. Tulipata kumwuliza kijana mmoja, aliyecheza vizuri kabisa, kwa nini huinama mahali fulani pa wimbo. Alijibu kwamba ndivyo walivyoelekezwa. Fani anayo, maudhui hakupewa. Na kosa si lake.

Kiasi cha kilometa 20 kutoka mjini, katika njia iendayo Musoma, kuna Bujora, karibu na Kisesa. Huko Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alisimamia kujengwa kwa Makumbusho ya Wasukuma katika miaka ya 1960. Huko pia, mwezi Juni, hufanyika mashindano ya Bulabo, neno ambalo kwa Kisukuma maana yake ni maua, kwa sababu sherehe hiyo ilifungamana na maandamano ya sikukuu ya Ekaristi. Wanaoshindana ni Bagika na Bagalu. Masimulizi yanasema kwamba waanzilishi wao, Ngika na Gumha, walikuwa mafundi wa ngoma na wa dawa katika karne ya 19, na kila mmoja alitaka ijulikane nani zaidi. Makundi hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na anayehukumu ni umati wenyewe. Lililovuta watu wengi ndilo lililoshinda.

Twaona hapo mtihani mkali kuliko wowote uliopata kutungwa ofisini. Manju huyatazama macho ya watu. Aonapo yanageukia upande wa pili, hana budi kubuni jambo papo hapo. Lakini tusiusifu umati kupita kiasi. Chatu akitolewa kikapuni, watu watakimbilia kumtazama hata kama mpigaji ngoma amepotea njia, na manju mwenye wimbo wenye hekima atabaki na wazee wachache. Umati hupima mvuto. Hauwezi kila mara kupima undani. Mtihani wa shule nao, hata ule wa vitendo, humwona mtahiniwa kwa muda mfupi, mbali na watu ambao sanaa hiyo ni yao.

Tumekwisha kuonywa na historia. Mwezi Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge alisikitika kwamba wasomi wetu walijifunza dansi za Ulaya na kuziacha ngoma zao, akaunda wizara ya utamaduni. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 shule zilipokea ngonjera, fani iliyoenezwa na Mathias Mnyampala, na kwa muda ilikuwa kweli jukwaa la mabishano: mmoja hajui, mwingine anaeleza, hoja hujibiwa kwa hoja. Baadaye, katika shule nyingi, mabishano yalikauka zikabaki sifa za kumkaribisha mgeni. Twaogopa kwamba sanaa bunifu nayo yaweza kuishia hapo hapo, safari hii ikiwa na cheti.

Kwa maoni yetu, mwanafunzi aliyechagua sanaa apelekwe kwa manju kwa muhula mzima, na manju alipwe kama fundi mwingine yeyote. Aandike katika daftari maneno ya nyimbo, kazi iliyozizaa, na majina ya waliomfundisha. Mwaka 2010 Mmarekani Frank Gunderson alitoa kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma, kwa Kiingereza. Vijana wetu nao wangeweza kukusanya sehemu yao kwa Kiswahili. Kisha acheze mbele ya watu wa kata yake, na mwalimu amhoji juu ya kila hatua. Mzazi aulizaye mtoto atakula nini asikemewe, maana swali lake ni la haki. Lakini atajibiwa vizuri zaidi na kijana ajuaye kuwamba ngoma, kutunga na kuongoza kundi kuliko na kijana aliyekariri aina za ngoma.

Likizo ya katikati ya mwaka huangukia mwezi huo huo wa Juni. Nauli ya kutoka Mirongo hadi Kisesa si kubwa, na walimu wa sanaa waweza kuanza mwaka huu bila kungoja waraka: wawachukue wanafunzi wachache wenye daftari, wawasimamishe kati ya Bagika na Bagalu, na kumwuliza kila mmoja aeleze kwa nini amegeukia upande aliogeukia.