Wingu Ndani ya Kikombe

Sikiliza kwanza. Bonge la sukari ya mawe limelala chini ya kikombe cha kauri, kikombe chembamba hata ukikiinua dirishani unaona kivuli cha kidole chako upande wa pili. Mwenye nyumba anainamisha buli. Chai nzito, ya moto, inalifikia lile bonge, nalo linapasuka kwa sauti ndogo kama chumvi iliyodondokea kaa. Kisha anachota malai kwa kijiko chenye umbo la upawa na kuyalaza taratibu ukingoni mwa kikombe. Malai yanazama, yanapotea, halafu yanafumka juu kama mawingu ya masika. Hapo mgeni mwenye haraka hunyoosha mkono kutafuta kijiko, na wenyeji humzuia. Chai hii haikorogwi.

Hapa ni Ostfriesland, pembe ya kaskazini-magharibi ya Ujerumani, nchi tambarare ya mvua na upepo wa bahari. Mtu mmoja huko hunywa karibu lita 300 za chai kwa mwaka, kama mara kumi ya Mjerumani wa kwingineko. Bonge la sukari wanaliita kluntje, wingu la malai wanaliita wulkje, na vikombe vitatu ndiyo heshima ya chini kabisa kwa aliyepiga hodi. Ukitosheka, unaweka kijiko ndani ya kikombe. Usipokiweka, utamiminiwa tena na tena.

Mimi nimelelewa na chai inayochemshwa pamoja na maziwa, tangawizi na sukari mpaka vyote viwe kitu kimoja, na mama akiimimina kutoka juu ili ipate povu. Kwa hiyo kikombe kisichokorogwa kilinipa taabu kukielewa. Funda la kwanza ni laini, malai matupu. La pili ni chungu, chai yenyewe bila kuficha uso. Utamu unakuja mwisho, chini kabisa, kwa aliyevumilia. Kukoroga kungefupisha safari yote hiyo.

Nawapenda watu wanaokisoma kikombe namna hii, na insha hii ni yao: watafiti na walimu wa urithi wa chai katika bara ambalo, ukiacha sehemu chache kama visiwa vya Azores na pwani ya Georgia, halioti mchai. Kazi yao ni ngumu kuliko ya mtu anayechunguza ngome au kanisa. Ngome inasimama ikikusubiri. Chai hunywewa ikaisha, kikombe kikaoshwa, na mkono uliomimina ukazikwa. Mtafiti anabaki na mabaki, tena mabaki madogo sana.

Tazama alivyofanya Anne McCants, mwanahistoria wa uchumi. Aliketi na orodha za mirathi za Amsterdam, zile zilizoandikwa wazazi walipofariki na watoto wakapokelewa katika nyumba ya yatima ya mji huo. Makarani waliandika kila kitu kilichokutwa ndani: shuka, sufuria, kiti. Na katikati ya vitu hivyo, katika karne ya 18, vinajitokeza vyombo vya chai na vya kahawa, hata katika nyumba za watu wa hali ya kawaida. Orodha iliyoandikwa kwa ajili ya kuhesabu mali ilikuwa imebeba ushahidi kwamba chai ilishashuka kutoka meza za matajiri. Karani hakujua anaandika historia. Ilihitaji jicho la mtu mwenye subira.

Au mtazame Richard Coulton, ambaye katika Makumbusho ya Historia Asilia ya London alikutana na kisanduku namba 857 katika mkusanyo wa Hans Sloane. Ndani mlikuwa na majani ya chai yaliyoletwa kutoka China na tabibu Mskoti, James Cuninghame, zaidi ya miaka 300 iliyopita. Majani yaleyale! Yalikaa gizani muda wote huo yakisubiri mtu wa kuunganisha namba, jina na safari ya meli.

Huko Ostfriesland nako kuna fumbo linalodai uaminifu wa namna hiyo. Mwaka 1751, chini ya Mfalme Friedrich II wa Prussia, iliundwa kampuni katika bandari ya Emden ya kutuma meli hadi Guangzhou, na meli zilirudi na chai na kauri. Vita vikaimaliza kampuni hiyo baada ya miaka michache. Kisha, katika miaka ya 1770, utawala wa mfalme yuleyule ukajaribu kuwaachisha watu chai kwa sababu fedha zilikuwa zikitoka nje ya nchi. Watu waliipitisha kwa magendo, wakanywa, mpaka marufuku ikafa yenyewe. Lakini majani waliyoyapigania hayakuwa haya ya leo. Yale yalitoka China. Chai nzito inayotawala mabuli yao sasa ni ya Assam, nchini India, na Assam haikuuza chai yake London kabla ya 1839. Urithi ulibadilisha jani ukabaki na jina. Mtafiti anapaswa kumwambia hivyo mjukuu anayeamini kwamba bibi zake wote walikunywa ladha hii hii, na kumwambia kwa upole, buli likiwa mezani.

Ndiyo maana kufundisha, kwangu, ndiyo nusu tukufu zaidi ya ufundi huu. Ndani ya jengo la zamani la halmashauri ya mji wa Norden kuna makumbusho ya chai, na huko desturi hii inaonyeshwa kwa mikono, wageni wakiwa wameketi, maji yakiwa yamechemka. Mwaka 2016 Ujerumani iliiingiza desturi ya chai ya Ostfriesland katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Sawa, orodha ina heshima yake. Ila karatasi haiwezi kumfundisha mtoto kulaza malai ukingoni bila kuyamwaga. Hilo linataka mkono mkubwa juu ya mkono mdogo, na malai mengi yaliyoharibika.

Mwalimu mzuri haishii kwenye kikombe. Hufuata majani hadi yalikochumwa, na hapo njia inafika hata kwetu. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, na ni pale ambapo miche ya chai ilijaribiwa mapema kabisa katika nchi ambayo sasa ni Tanzania. Leo chai nyingi ya Afrika Mashariki hupigwa mnada Mombasa na kusambaa duniani. Kote huko, Assam, Usambara, Kericho, kuna mtu aliyeamka kabla ya umande kukauka, kikapu mgongoni, akachuma majani mawili na chipukizi, na jina lake haliandikwi kwenye pakiti yoyote.

Namwona mwalimu huyo kikombe cha tatu kinapomiminwa. Anafungua kifuniko cha buli, anayamimina majani yaliyovimba kwenye kisahani, anayafunua kwa ncha ya kidole. Anamuuliza mwanafunzi aliye karibu naye, nani aliyachuma haya? Darasa zima linainama kutazama. Kijiko cha mwalimu bado kiko kwenye kisahani, pembeni mwa kikombe.