Python Iliyokompailiwa Vizuri Hutambulikaje?

Fundi akishahamia toleo jipya la Linux na kuikompaili Python upya kutoka kwenye msimbo chanzo, mara nyingi hutazama jambo moja tu: je, amri ya make imefika mwisho bila kusimama? Kipimo hicho hakitoshi. Kazi hii hupimwa kwa mambo mawili: jinsi Python mpya inavyoshikamana na maktaba za mfumo wa sasa, na jinsi inavyoiacha salama Python ambayo mfumo wenyewe unaitegemea.

Ushahidi upo Ubuntu. Toleo la 20.04 lilikuja na maktaba ya OpenSSL 1.1.1. Lile la 22.04, lililotoka Aprili 2022, likaja na OpenSSL 3.0, na maktaba ya zamani haikuwekwa tena katika vifurushi vyake. Python iliyokompailiwa kwenye mfumo wa kwanza iliunganishwa na faili iitwayo libssl.so.1.1. Faili hiyo ikikosekana, Python bado hufunguka, hujumlisha namba na kuchapisha maneno kana kwamba haina neno. Andika import ssl, na papo hapo italalamika kwamba faili haionekani. Pip nayo itashindwa kupakua chochote kwa njia ya https. Kumbe kufunguka kwa programu si dalili ya uzima wake.

Kukompaili upya ndiyo tiba, lakini tiba nayo huweza kurudisha maradhi yaleyale. Moduli kama ssl, sqlite3, bz2, lzma na readline hujengwa pale tu zinapopatikana faili za kukompailia, ambazo Ubuntu huzitenga katika vifurushi vyenye majina yanayoishia na -dev, kama libssl-dev na libsqlite3-dev. Zisipokuwepo, make haisimami. Huziruka moduli hizo, kisha huzitaja karibu na mwisho wa maandishi marefu ambayo wachache huyasoma. Mficha maradhi, kifo humuumbua: pengo lisilosomwa leo litajitokeza siku programu ya ofisi itakapotaka kufungua hifadhidata. Kwa hiyo mpimaji makini husoma orodha hiyo, huagiza kila moduli anayoihitaji kwa import, kisha huelekeza amri ya ldd, inayoonyesha maktaba ambazo faili imeunganishwa nazo, kwenye faili ya moduli ya _ssl. Kwenye Ubuntu 22.04 anapaswa kuona libssl.so.3. Mwisho huendesha make test.

Wapo watakaosema kuna njia ya mkato: irudishe OpenSSL 1.1.1 na Python ya zamani itafanya kazi. Ni kweli itafanya kazi. Lakini usaidizi wa bure wa toleo hilo ulikoma Septemba 2023, na moduli inayolinda mawasiliano haifai kuegemea maktaba ambayo waundaji wake hawazibi tena mianya yake hadharani. Wengine watauliza kwa nini mtu asitumie Python iliyokuja na mfumo. Hoja hiyo ina uzito, na kwa wengi hilo ndilo chaguo bora. Anayekompaili awe na sababu ya kweli, kwa mfano mradi unaodai toleo maalumu. Wapo pia wanaoona kwamba make test inakula muda mwingi. Inaukula, naam, lakini saa ya kugundua kosa ni kabla ya watu kuanza kuitegemea programu.

Alama ya mwisho ya fundi mzuri ni amri anayoichagua kusakinishia. Kwa kawaida make install huweka jina python3 ndani ya /usr/local/bin, folda ambayo aghalabu hutafutwa kabla ya /usr/bin. Tangu hapo jina lilelile huita kitu kingine, na hati zilizoandikwa kwa ajili ya Python ya mfumo lakini zinazoiita kwa jina hilo tu huanza kukosa moduli zake. Amri ya make altinstall huweka jina lenye namba ya toleo, mfano python3.11, na kuiacha python3 kama ilivyokuwa. Basi ukikabidhiwa Python iliyokompailiwa na mtu mwingine, usimuulize kama make iliisha bila kosa. Mwambie akuonyeshe orodha ya moduli zilizokosekana, majibu ya ldd na mahali alipoisakinisha. Akishindwa kukuonyesha hata kimoja, usiipokee kazi hiyo.