Masomo ya Mbali na Kosa Lisilosahihishwa

Kiganjo, mji mdogo ulio karibu na Nyeri, wajulikana kote nchini Kenya kwa chuo chake cha polisi. Kuruta akikosea hatua katika kwata, sauti ya mkufunzi humfikia kabla hajapiga hatua ya pili. Apimaye thamani ya masomo ya chuo kikuu yatolewayo kwa mtandao na aanzie hapo: kosa la mwanafunzi laonwa na nani, na baada ya muda gani?

Wako wasemao kwamba elimu ya mbali ni mtoto wa intaneti. Usemi huo si kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Chuo cha Nairobi, kilipokuwa bado hakijawa chuo kikuu kamili, kilianzisha huko Kikuyu masomo kwa njia ya posta. Wengi wa wanafunzi walikuwa walimu wa shule za msingi waliotaka kujiendeleza bila kuacha kazi. Walitumiwa vitabu, wakasikiliza vipindi vya redio, wakaandika majibu na kuyatia posta. Majibu yakasahihishwa, yakarudishwa. Barua ilikwenda polepole, walakini ilirudi na mwandiko wa mtu aliyeisoma kazi, na sifa hiyo mimi naithamini kuliko kasi.

Mwaka 2012, huko Marekani, Coursera na edX zilifungua masomo ya vyuo vikuu mashuhuri kwa kila atakaye, mengi yake bila ada. Watu walijiandikisha kwa maelfu na malaki. Walio wengi sana hawakufika mwisho. Yamkini baadhi yao walitaka kuonja tu. Hata hivyo, mhadhiri mmoja, awe hodari namna gani, hawezi kuwajibu watu laki moja.

Kenya nayo ina Chuo Kikuu Huria, kilichopewa hati yake Agosti 2023, ambacho hufundisha kwa mtandao. Umri wake ni mdogo mno kuhukumiwa. Lakini na tumfikirie kijana wa Kiganjo afanyaye kazi ya zamu kiwandani, ambaye simu yake ndiyo darasa lake. Arudi usiku, amechoka. Mhadhara wa video wa saa nzima utamaliza fedha zake za data kabla haujamfunza; maandishi awezayo kuyapakua mara moja na kuyasoma hata mtandao ukipotea yatamfaa zaidi. Wenzake watatu au wanne wa Karatina na Nanyuki, wakikutana naye Nyeri Jumamosi moja moja, watamzuia asikate tamaa.

Tuseme amepeleka zoezi la hesabu Jumapili. Likirudi baada ya wiki sita na alama tupu, atakuwa amekwisha kulijenga kosa lile lile katika mazoezi mengine matano. Likirudi Alhamisi, na mstari mmoja tu ukionyesha hesabu ilipopotoka, atalisahihisha usiku ule ule.

Msahihishaji wa namna hiyo hulipwa mshahara, na hapo ndipo vyuo vingi hubana mkono, huku vikinunua mitambo kwa furaha. Wewe msomaji, utakapotafuta chuo cha namna hii, usiulize kwanza juu ya mitambo yake. Uliza ni nani atakayeisoma kazi yako, ana wanafunzi wangapi, na itarudi siku gani.