Maji ya Mvua na Maji ya Injini

Kiwira maji yako kila mahali, na hilo ndilo linalompa kazi fundi anayetafuta maji yanayovuja. Wilaya ya Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania; kuna maeneo yanayopita milimita 2,000 kwa mwaka. Gari linaingia gereji likichuruzika kuanzia boneti mpaka difu, na dereva anasema tu kwamba rejeta inapungua maji, hajui yanakwenda wapi. Kwenye mji mkavu ungeinama, ukaona doa kwenye vumbi, ukalifuata juu. Hapa chini kote ni tope.

Gari lenyewe ni Hilux ya miaka ya 1990, injini ya 3L, inayobeba ndizi kutoka Kiwira kwenda Mbeya. Barabara hiyo haina huruma kwa injini kongwe. Inatoka Kyela karibu na Ziwa Nyasa, mita kama 500 juu ya usawa wa bahari, inapanda hadi Tukuyu kwenye mita 1,500 hivi, na ukishapita Kiwira inazidi kupanda mpaka ivuke mita 2,000 kabla ya kushuka Uyole. Kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyowahi kuchemka: Tukuyu, sufuria iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kinachoiokoa injini ni kifuniko cha rejeta. Kikiwa kimeandikwa 0.9 na bado ni kizima, maji yaliyobanwa na presha hiyo hayachemki mpaka yapite nyuzi 110. Kwa hiyo tundu linalotoa maji kidogo tu si jambo dogo. Linatoa maji na linatoa presha, na mlima wa kuelekea Isongole bado uko mbele.

Hilux hii ilishapita kwa mafundi wengine. Rejeta ilibadilishwa, pampu ya maji ikabadilishwa, thamostati ikang'olewa na kutupwa, na maji yakaendelea kupungua. Hili la kung'oa thamostati limezoeleka mno, nami naliona ni uharibifu mtupu, hasa huku. Baridi ya Juni na Julai inatosha kuifanya injini isiyo na thamostati itembee kilomita nyingi bila kupata joto lake. Inakunywa dizeli, na silinda zinalika.

Fundi niliyemtazama, mtu mzima mwenye mvi, hakuanza na spana. Alianza na dereva.

“Mwanangu, yanapungua ukishapanda mlima, au unayakuta yamepungua asubuhi?”

“Asubuhi, mzee. Jioni najaza, nikiamka yameshuka.”

“Ukiwa safarini geji inapanda?”

“Siku nikisahau kujaza tu.”

“Basi liache hapa lilale.”

Sikuelewa mara moja uzito wa maswali hayo mawili. Mpira uliochakaa na klipu yake hutanuka injini ikipata moto, vikabana. Usiku wa baridi vinanywea, na maji yanapata njia. Tena yale machache yanayotoka injini ikiwa ya moto hukauka juu ya chuma kabla hayajawa tone. Waliotangulia walilikagua gari likiwa limetoka safarini, saa ambayo mlango ule umefungwa. Yeye alichagua saa ya kutazama, na kwa macho yangu hapo kazi ilikuwa imeshafika nusu.

Gari lilisukumwa chini ya bati, likafutwa, na boksi lililokunjuliwa likatandikwa chini yake. Asubuhi kulikuwa na madoa mawili, wala hayakuwa mbele kwenye rejeta au pampu. Yalikuwa nyuma, chini ya giaboksi. Aligusa doa moja, akasugua kwa kidole gumba na cha shahada, akanusa. Maji ya mvua hayatelezi na hayana harufu. Haya yaliteleza kidogo, yana utamu wa kulanti puani, na yaliacha rangi ya kutu kwenye ngozi.

Kisha akaleta kifaa alichojitengenezea: kifuniko cha zamani cha rejeta kilichochomelewa valvu ya tairi, pampu ya baiskeli, na geji ndogo. Akajaza upepo taratibu hadi 0.9, asizidishe, maana rejeta nzima inaweza kupasuliwa na mtu mwenye haraka. Injini ilikuwa baridi kabisa. Mshale ulisimama, halafu ukaanza kushuka polepole sana. Kijana wake akataka kupampu tena. “Acha. Subiri,” akaambiwa.

Huku nyuma ya silinda hedi, mahali ambapo mkono unapita kwa shida, fundi alikuwa amekausha kila kitu kwa kitambaa na kupuliza vumbi la chaki. Akamulika tochi. Kwenye weupe ule ukaonekana mstari mwembamba, mweusi wa unyevu, ukianzia kwenye mpira wa hita. Klipu ilionekana imekaza vizuri kabisa. Lakini chini ya ukingo wa mpira palikuwa na tone. Lilivimba, likajishikiza, likaangukia mgongo wa giaboksi na kutambaa kwenda nyuma. Hapo ndipo mvua ilipokuwa ikilificha.

Hakuuvuta mpira kwa kuuzungusha, kwa sababu kibomba chake kikivunjika itabidi kazi kubwa ianze. Aliuchana kwa kisu kwa urefu, ukafunguka wenyewe. Chini yake chuma kilikuwa kimeliwa na kutu, vishimo vishimo. Akakipiga msasa hadi kikawa laini, akavisha mpira mpya wa hita, klipu akaiweka nyuma ya kile kivimbe cha kibomba. Dereva alipendekeza hita irukwe, mpira uunganishwe moja kwa moja. Fundi alikataa: mvua ikishika, kioo kikiingia ukungu, bila hita utaendesha kwa kubahatisha.

Thamostati mpya ikawekwa, kitundu chake cha hewa kikielekezwa juu. Akachanganya kulanti na maji safi nusu kwa nusu, si maji ya mtoni yanayorudisha kutu. Gari likaegeshwa pua ikitazama mlimani, hita imefunguliwa yote, injini ikawashwa mpaka mapovu yakakoma. Yangeendelea, angeishuku gasketi ya silinda hedi. Chini ya kifuniko cha oili kulikuwa na utando mweupe uliomtisha dereva. Fundi akachomoa kijiti cha oili, kikatoka safi. Utando ule ni unyevu wa baridi na safari fupi. Moshi mweupe wa ekzosi nao ulikwisha injini ilipopata moto. Gari lilipopoa, akapampu tena hadi 0.9. Mshale haukusogea.

“Ndaga, mzee,” dereva akashukuru, tayari ameshika funguo.

“Kesho asubuhi, kabla hujawasha, fungua likiwa baridi uangalie. Ukikuta yamepungua, usijaze ukaondoka. Niletee hivyo hivyo.”