Mtu mzima majini: anza na pumzi

Nenda Pirates, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta pale Bamburi, Jumapili wakati maji yanajaa. Utawaona watu wazima wanaojifunza kuogelea, maji yamewafika kiunoni, shingo zimekakamaa. Mwalimu anapaza sauti: piga miguu, nyoosha mkono, vuta pumzi! Mwanafunzi anafuata agizo la mwisho na kusahau mawili ya kwanza. Anainua kichwa, miguu inazama, anakunywa maji, anasimama akikohoa.

Wengi husema mwili umeshakomaa. Sikubaliani nao. Maji yale yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, na wengi wetu tukijaza hewa mapafuni huelea hata bila kupiga mkono. Kinacholemewa ni akili. Paul Fitts na Michael Posner walieleza mwaka 1967 kwamba ujuzi wa viungo hupitia hatua tatu: kwanza kila tendo hufikiriwa, kisha matendo huungana, mwishowe hujiendea yenyewe. Katika hatua ya kwanza akili humudu mambo machache tu kwa wakati mmoja, na mtu mzima ameingia majini na hofu yake, tena na aibu ya kutazamwa na umati.

Tatizo kubwa ni pumzi. Mwanafunzi huizuia akidhani anaweka akiba, kumbe ile hamu kali ya kuvuta hewa huletwa hasa na hewa ukaa inayojilimbikiza mwilini. Kadiri anavyozuia ndivyo anavyotaharuki. Basi amshike mwalimu mkono, atie uso majini, atoe hewa polepole puani mapovu yapande, kisha ainue uso avute kwa mdomo. Miguu na mikono iachwe kwanza. Arudie mpaka aweze kufanya hivyo huku akijibu anachoulizwa kila anapoinua uso; hapo pumzi haihitaji tena kufikiriwa. Ndipo afundishwe kuelea.

Tyubu zinazokodishwa pale zinafurahisha, lakini humzoesha mtu kukaa wima na kichwa juu, mkao ule ule unaozamisha miguu.

Msimu nao una uzito wake. Kusi ikivuma maji huchafuka. Wakati wa kaskazi bahari iliyo ndani ya mwamba hutulia, na mwanafunzi hupungukiwa na jambo moja la kuhofia.

Walimu wa Pirates, punguzeni maagizo. Siku ya kwanza, pumzi peke yake yatosha.